Mshahara wa Pili: Hesabu ya Kumwajiri Kiziwi Asiyeona

Pale Mafinga, mkoani Iringa, nilihudhuria kikao kidogo cha waajiri na wazazi kuhusu ajira za watu wenye ulemavu. Mwenye kiwanda cha kupasua mbao alisimama akasema jambo ambalo wengi ukumbini walikuwa nalo moyoni. "Viziwi ninao wawili, wanachapa kazi. Mwenye mguu bandia niko naye mwaka wa sita. Lakini huyu asiyesikia na asiyeona, ndugu zangu, nikimwajiri yeye nimeajiri wawili. Kazi moja, mishahara miwili." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Niliondoka na hesabu hiyo, na kila nikiirudia naona kuna mahali imekosewa.

Mzee yule simlaumu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kiwanda chake kina watu kama hamsini, kwa hiyo anadaiwa mtu mmoja na nusu. Yeye anao watatu. Amevuka. Na anaposema kuhusu msumeno wa mduara, anasema kweli: mashine ile haimsubiri mtu aguswe bega ndipo ajue kuna hatari. Hakuna haki inayodai kiziwi asiyeona asimamishwe mbele yake.

Pia ni kweli kwamba mkalimani mwongozaji ana gharama. Huyu si mtu wa kumshika mwenzake mkono tu wavuke barabara. Anapitisha maneno mikononi, kwa Lugha ya Alama ambayo msikilizaji anaipokea kwa kuweka viganja vyake juu ya mikono ya anayeongea. Anaeleza nani kaingia, nani kacheka, nani kanuna. Wanaoijua Lugha ya Alama vizuri huku kwetu ni wachache, na wanaoweza kuipitisha kwa mguso ni wachache zaidi. Kule Norwei huduma hii ni haki ya mwananchi na serikali inalipa. Halmashauri ya Mufindi au Rungwe haina mfuko wa namna hiyo, na anayezungumza kana kwamba tunao hatusaidii.

Lakini turudi kwenye ile asilimia 3, maana ndipo mambo yanapojificha.

Sheria inahesabu vichwa. Katika kapu moja imeweka mwenye mguu bandia, mwenye ualbino, kiziwi, asiyeona, na kiziwi asiyeona. Mwajiri mwenye nafasi moja ya kujaza atamchukua yule ambaye mazingira ya kazi hayatabadilika sana kwa ajili yake. Ndivyo mwanadamu yeyote angefanya. Matokeo yake yanaonekana kwenye ripoti iliyotolewa 2018 na Shirikisho la Viziwi Wasioona Duniani. Takwimu inayonukuliwa sana kutoka humo ni kwamba uwezekano wa kiziwi asiyeona kuwa na kazi ni mdogo mara 10 kuliko wa mtu asiye na ulemavu. Inatisha, na ndiyo maana inanukuliwa. Mimi inayoninyima usingizi ni ile ya pili: ukimlinganisha na watu wenye ulemavu wa aina nyingine, bado uwezekano wake uko chini kwa asilimia 30.

Itazame vizuri hiyo 30. Inasema kwamba hata ndani ya kapu lililotengenezwa kuwalinda wanyonge, kuna mmoja anayebaki chini. Sheria inayohesabu vichwa haiwezi kumwona, kwa sababu kapu likijaa limejaa. Mwajiri anapeleka taarifa yake safi, ofisa anaweka tiki, na hakuna aliyevunja sheria. Unaweza kuifikisha nchi nzima kwenye asilimia 3 kamili bila kumwajiri kiziwi asiyeona hata mmoja.

Utasikia wengine wakijibu kwamba watu wenyewe ni wachache mno, tusitunge sera kwa ajili ya watu wa kuhesabika kwa vidole. Ripoti hiyohiyo inakadiria kwamba wenye hali hii kwa kiwango kikubwa ni asilimia 0.2 ya watu duniani. Mkoa wa Mbeya peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 2.3. Kwa makadirio hayo unapata kama watu 4,600. Wengi wao ni wazee ambao macho na masikio yamechoka pamoja, hawatafuti ajira. Toa hata theluthi mbili ukipenda. Wanaobaki hawatoshi kwenye vidole.

Na hapa ndipo hesabu ya mishahara miwili inapokosewa. Inachukulia kwamba mkalimani anahitajika kila dakika ya kazi. Si hivyo.

Hapa Uyole, Mbeya, tuna jirani, kijana, amezaliwa kiziwi. Shule alisoma, Lugha ya Alama anaijua tangu mdogo. Alipofika kidato cha pili akaanza kujikwaa jioni. Walimu wakadhani amejifunza pombe. Kumbe ni macho, yalikuwa yakifungwa kidogo kidogo kutoka pembeni kwa ugonjwa unaorithiwa, unaoitwa Usher, ambao huondoa usikivu na kuona kwa mtu yuleyule. Leo anaona mwanga tu. Kiziwi hukopa kwa macho, asiyeona hukopa kwa masikio. Huyu amebaki na mikono.

Basi mikono hiyo inachambua maharage. Mfanyabiashara mmoja wa Soko la Mwanjelwa humpelekea magunia nyumbani. Anakaa kwenye mkeka, ungo magotini, anayamwaga kwa gao moja moja na kuyapitisha chini ya vidole. Jiwe analijua kwa ubaridi wake. Lililotobolewa na wadudu analijua kwa kucha, tundu dogo kama ncha ya sindano. Yaliyosinyaa hayamsumbui kabisa. Kosa lake ni moja, rangi: maharage ya njano yakichanganyika na mekundu hawezi kuyatenga, kwa hiyo huletewa ya aina moja. Hilo ndilo badiliko pekee ambalo mfanyabiashara alilazimika kulifanya.

Mkalimani alihitajika wapi? Siku mbili za mwanzo, kumweleza kazi na makubaliano. Baada ya hapo ni Jumamosi, saa moja au mbili, wakati wa kuhesabiana na kulalamikiana, maana hata yeye ana malalamiko yake kama kibarua mwingine yeyote. Na siku chache za dharura. Ukijumlisha, kwa mwezi wa kawaida ni kama saa kumi. Mzee wa Mafinga angesikia "saa kumi kwa mwezi" badala ya "mshahara wa pili", nadhani asingekaa kwa haraka vile.

Sisemi kila kazi iko hivyo. Ofisini, darasani, kwenye mafunzo ya ufundi, mkalimani atakuwepo muda mrefu, na gharama itapanda. Lakini kazi nyingi za nyanda hizi, kusuka vikapu vya milulu, kufungasha chai, kupanga parachichi kwa ukubwa, ni za mikono iliyozoea. Ugumu uko mlangoni tu, pa kuingilia na pa kulipwa.

Mfano wa kwamba mlango unaweza kupanuliwa tunao Iringa. Neema Crafts ilianzishwa 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikaanza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye ukaja mkahawa ambako wahudumu ni viziwi na mteja huandika anachotaka. Atakayesema ule ni mradi wa kanisa, una marafiki wa ng'ambo, kiwanda cha mbao hakina, nitamkubalia. Hata hivyo somo lake halikuwa fedha peke yake. Walibadilisha namna ya kuagiza chai, na mhudumu hakulazimika kusikia.

Basi nani alipe zile saa kumi? Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba ya watu wenye ulemavu, haifai kwa hili. Mkopo hurudishwa. Huwezi kumkopesha mtu masikio halafu umdai marejesho. Pendekezo linalonivutia ni sheria ihesabu kwa uzito: mwajiri anayemchukua kiziwi asiyeona na kulipia saa zake za ukalimani ahesabiwe amejaza nafasi mbili. Najua pingamizi lake, kwamba nafasi hiyo ya pili ni ya mtu mwingine mwenye ulemavu aliyekuwa aipate. Ni pingamizi la haki na linaniuma. Ila nikikumbuka ile 30, naona huyu wa chini hatainuka kwa kusubiri wengine watosheke.

Kuna upande mmoja ambao nimeusikia kwa akina mama tu, na sina jibu jepesi kwake. Mama mmoja, kwenye kikao kilekile, hakuzungumzia fedha hata kidogo. Ana binti wa miaka kumi na tisa. "Huyo mkalimani atamshika mwanangu mikono siku nzima," alisema. "Nani atanieleza alichomwambia? Na akimshika vibaya, atamlilia nani, wakati anayetafsiri kilio ni huyohuyo?" Ukumbi ulinyamaza. Wanaotetea huduma hizi, nami nikiwemo, tumezoea kuwaona wazazi wa namna hii kama wanaowafungia watoto ndani. Mama yule alikuwa ameona tundu ambalo sisi tulilipita. Ukalimani bila wakalimani wawili wanaopokezana, bila maadili yaliyoandikwa na mahali pa kushtaki, ni kumkabidhi mtu kwa mtu. Hilo linaongeza gharama, na ni lazima liongezwe.

Lakini hata yeye, mama yule, ndiye mkalimani wa sasa. Wa saa zote, bila ujira, tangu binti alipozaliwa. Mshahara wa pili aliousema mwenye kiwanda tayari unalipwa, ila unalipwa na mwanamke aliyeacha genge lake la viazi.

Jumamosi iliyopita nilipita kwa jirani yetu wakati wa malipo. Mkalimani alikuwa amechelewa, kwa hiyo mfanyabiashara alimwekea noti kiganjani na kusubiri. Noti zetu zinazidiana urefu kidogo, ya elfu kumi ndiyo ndefu kuliko zote. Kijana aliilaza ya kwanza kwenye kidole cha shahada, akapima ilipoishia, akaikunja kwa urefu. Ya pili akaipima, akaikunja mara mbili. Ya tatu aliipima, akatulia, akaipima tena, kisha akanyoosha mkono na kumrudishia mfanyabiashara. Ilikuwa ya elfu tano, na kwa makubaliano ilitakiwa iwe ya elfu kumi.

"Samahani, mdogo wangu," mfanyabiashara akasema, kisha akakumbuka, akamshika mkono na kumgonga kiganja mara mbili, akatoa nyingine.