Hasira Iliyokaa Moyoni: Kuimeza au Kuisema?

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, huku kwetu Newala, mkoani Mtwara, fedha huingia pamoja na madai ya zamani. Shamba ambalo mpaka wake ulisogezwa miaka mingi iliyopita, deni la salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, ambalo halikulipwa, mjomba aliyeuza mikorosho ya ukoo bila kuwashirikisha wapwa zake: yote hayo hulala kimya wakati wa dhiki, na huamka siku malipo yanapotoka. Wanaogombana siku hiyo mara nyingi hawagombani kwa jambo la siku hiyo.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kututenganishia mambo mawili ambayo washauri wengi huyachanganya. Hasira humpanda mtu, na kilichopanda hushuka. Kinyongo mtu hukiweka, kama anavyoweka akiba. Ninachotaka kukijadili ni hicho cha pili, ile hasira ambayo imekaa mpaka mwenyewe haioni tena kuwa ni hasira, bali anaiona kuwa ndiyo tabia yake. Kuna wanaosema dawa yake ni kuimeza, na kuna wanaosema ni kuitoa.

Wanaosema tuimeze wana hoja nzito, na si busara kuwapuuza. Methali ya hasira hasara haikutungwa na watu waoga. Waislamu, ambao ni wengi katika mikoa ya Mtwara na Lindi, wamefundishwa kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha wenzake bali anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika, na kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae, na isipomtoka alale. Mafundisho hayo yanaanza na mwili, na utafiti wa leo unaelekea huko huko. Hasira inapopanda, mwili humwaga homoni ya adrenalini, moyo huenda mbio, shinikizo la damu huongezeka na misuli hukaza. Katika hali hiyo mtu hutafuta wa kumpiga, wala hatafuti ukweli. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio ambalo ndani yake watu walioudhiwa makusudi walipewa mfuko wa ndondi waupige. Waliopiga huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kubwa kuliko wale waliokaa tu bila kufanya lolote. Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154 na kukuta kwamba kinachopunguza hasira ni yale yanayoutuliza mwili, kama kuvuta pumzi taratibu na kuilegeza misuli, si yale yanayoupandisha. Kwa hiyo anayevunja sahani au kufoka barabarani ili atoe yaliyo moyoni anaikoleza hasira yake.

Hata hivyo, sharti tuulize ushauri wa kumeza hupewa nani. Katika maisha yangu sijawahi kumsikia mzee akimwambia mume avumilie kwa sababu ndoa ni uvumilivu, huambiwa mke. Mpwa ndiye anayeambiwa amheshimu mjomba, na mkulima ndiye anayeambiwa asubiri malipo. Subira ikishakuwa wajibu wa upande mmoja, inamlinda aliyekosea. Na kilichomezwa hakipotei. Mimi mwenyewe nilikaa miaka sita bila kumwambia kaka yangu kwamba mikorosho minne aliyoiingiza katika shamba lake ilikuwa sehemu niliyopewa na mama. Nilijiona mstahimilivu. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba kila kaka alipotutembelea, watoto walichapwa jioni yake. Sikuwa nimestahimili kitu. Watoto ndio walioibeba hasira yangu.

Wanaosema tuiseme, basi, wanagusa jambo la kweli: hasira nzito mara nyingi ni dai ambalo halijapata wa kulijibu. Aristotle, katika Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kukasirika si kosa; kilicho kigumu ni kumkasirikia anayestahili, kwa kiasi kinachofaa, kwa wakati wake na kwa njia iliyo sawa. Mkoa wetu umeziona njia mbili waziwazi. Mwaka 2013, watu wa Mtwara walipoona gesi ya ardhini mwao inapelekewa bomba hadi Dar es Salaam, walikuwa na swali halali kuhusu watakachobaki nacho, lakini swali hilo liliishia katika vurugu za Januari na Mei: watu walikufa, nyumba na ofisi zilichomwa, na bomba likajengwa vilevile. Mwaka 2018, wakulima walipoona bei za minada ya kwanza ya korosho ni ndogo mno, walikataa kuuza. Serikali iliingilia kati ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo ya wengi yalichelewa, na sisemi kwamba mambo yalikwisha vizuri, lakini hasira ile ilikuwa na anwani: ilisema bei hii hatuitaki, mbele ya wanunuzi wenyewe.

Jadi yetu ina mlango mwingine, nao ni utani. Mtani anaweza kumwambia mtu msibani, mbele ya wote, neno ambalo ndugu angelisema pangekuwa na ugomvi, na nimeona mafundo yakifunguka kwa kicheko namna hiyo. Lakini utani unaifaa hasira ndogo. Aliyenyang'anywa shamba haponi kwa kuchekeshwa. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao ukoo kwa asili huhesabiwa kwa upande wa mama, mwamuzi wa haki alikuwa mjomba. Basi mdai afanyeje ikiwa mjomba ndiye mdaiwa?

Kwa maoni yangu pande hizi mbili zinabishana kuhusu saa mbili tofauti. Wa kwanza wana haki juu ya saa ile damu inapochemka, kwani hapo kunyamaza na kuondoka ni hekima. Wa pili wana haki juu ya kesho yake. Kosa letu kubwa ni kuichukulia kesho kama leo, tukaendelea kunyamaza miaka. Aliyetulia na atamke tendo lenyewe, si tabia ya mtu: siku fulani ulifanya hivi, nami naomba hivi. Ikishindikana nyumbani, lipo baraza la kata, ambalo katika migogoro ya ardhi kazi yake ni kusuluhisha.

Lakini sikubali kabisa ushauri wa "mkae mzungumze" pale ambapo mmoja anampiga mwenzake. Anayepigwa hadaiwi mazungumzo. Huyo anahitaji usalama, na dawati la jinsia na watoto la polisi limewekwa kwa ajili yake. Vilevile, mtu ambaye hasira haimtoki usiku wala mchana, halali usingizi, hali chakula, na hakumbuki hata ilianzia wapi, apelekwe hospitali, kwa kuwa sonona kwa wanaume wengi hujitokeza kwa sura ya ukali.

Linalobaki gumu ni pale dai linaposemwa kwa adabu na lisijibiwe. Mimi nilimweleza kaka yangu mwaka wa saba, tukiwa wawili, chini ya mikorosho hiyo hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho, akakataa, akasema mama alimpa yeye. Sikupata haki yangu, na sidhani kama nitaipata, kwa kuwa mama hayupo wa kuulizwa. Ila sasa anajua ninachokidai, nami najua anachokijibu, na watoto hawachapwi tena kwa sababu yake. Anapopulizia salfa mwezi wa saba, na vumbi lake likavuka hadi upande wangu, hasira hunipanda. Nasimama pale kidogo, kisha hushuka.