Kompyuta Inayokula Bando

Mjomba wangu ana stesheneri Ngamiani, Tanga, kwenye mitaa ile ya barabara za namba, na kwake ugonjwa wa kompyuta ni mmoja tu: intaneti. Printa ikinasa karatasi, intaneti. Kikokotoo kikichelewa kufunguka, intaneti. Kazi ya kumwelewesha niliachiwa mimi, bila malipo, maana mimi ni mpwa na mpwa hulipwa chai.

Jioni moja akaja mwalimu wa hisabati na mtihani wa mock wa Form Six kwenye flashi. Huyu hachapi kwa Word kama wenzake. Alijifunza LaTeX chuoni, mfumo wa kupanga maandishi ya hesabu, na tangu hapo alama ya intigrali iliyopinda kidogo humnyima usingizi. Karatasi anazitaka kesho asubuhi. "Hamna shida, Mwalimu," akasema Mjomba, ambaye hajawahi kumjibu mteja jambo jingine, kisha akanigeukia: "Si unaiweza hiyo?"

Laptop ya dukani ina Debian, aina ya Linux, ila TeX Live, mkusanyiko wa programu za kuchapia LaTeX, haina. Nikafungua faili ya Mwalimu, nikaona ameita kila pakeji ya nyongeza aliyowahi kuisikia duniani, basi nikaamua tusakinishe texlive-full yote, gigabaiti zake kadhaa. Mjomba akanunua bando la maana, akawasha hotspot, akaibana simu kwenye nondo za dirisha kwa vibanio vya nguo ili ipate mtandao vizuri.

Na mtandao ulipata. Kabla ya magharibi kila kitu kilikuwa kimeshashuka. Ndipo ikaanza sehemu ya kufungua pakeji, na mambo yakalala. Jina la pakeji linatokea kwenye skrini, linakaa, taa ya diski inawaka bila kupepesa, tunakunywa chai, tunamaliza chai, asilimia haijasogea.

"Bando limeisha," akasema Mjomba.

"Halijaisha, Mjomba. Intaneti haitumiki tena."

"Sogeza simu."

Nikasogeza simu, kwa heshima tu. Nikafungua terminali ya pili, nikawasha iotop, programu inayoonyesha nani anaitumia diski. Pale juu kabisa alikuwepo dpkg, mfungua pakeji wa Debian, asilimia 99 ya muda wake akiisubiri diski, na alichokuwa anaandika hakifiki hata megabaiti moja kwa sekunde. Prosesa imekaa bure. Nikamwita Mjomba aje aone kwa macho yake. Akaja, akaangalia, akauliza hiyo 99 ni ya bando?

Nikaona bora ushahidi. Nikaichomoa simu dirishani, nikazima data mbele yake. Pakeji zikaendelea kufunguka, polepole vilevile. Nikamtazama kwa ushindi. Yeye akanitazama kwa wasiwasi. "Sasa hapo inavuta ya nani? Ya jirani?"

Halafu akatoa hoja ambayo, lazima nikiri, haikuwa ya kijinga: "Kama diski ndiyo mbovu, mbona filamu zinaingia chapu?"

Filamu ni faili moja kubwa, diski inaimimina kwa mkupuo. TeX Live ni maelfu kwa maelfu ya vifaili vidogo vya fonti na mitindo, na dpkg haiamini mtu. Kila kifaili inakiandika kwa jina la muda linaloishia na .dpkg-new, inaiambia keneli, kiini cha Linux, fsync, yaani usiniambie umeandika mpaka kiwe kimelala kwenye diski kweli, ndipo inakipa jina lake halisi. Nikamwambia Mjomba ni sawa na karani anayepeleka kila risiti kwa bosi kutiwa saini kabla ya kushika inayofuata. Akaniambia huyo ni karani mzuri, anamtaka.

Sasa diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, mizunguko 5400 kwa dakika, ambayo ni 90 tu kwa sekunde, na kila fsync inaweza kula zaidi ya mzunguko mmoja. Juu ya hapo, fundi aliyemuuzia alikuwa ameipanga kwa Btrfs, mfumo wa faili ambao hauandiki juu ya data ya zamani, huandika upya mahali pengine kisha hurekebisha orodha zake. Una faida zake nyingi. Kusakinisha TeX Live kwenye diski ya mtumba usiku wa mtihani si mojawapo.

Dawa ipo. Nikasimamisha kazi, nikamwomba Mjomba awashe data kidogo, kilobaiti tu, nishushe kiprogramu kimoja kinachozigeuza fsync zote kuwa hewa. Akakubali, kwa sharti kwamba asimame nyuma yangu. Nikaandika amri. Akavaa miwani, akainama, akaisoma kwa sauti, kipande kwa kipande:

"Iti... mai... data."

Ndiyo. Programu hiyo inaitwa eatmydata, yaani "kula data yangu", na hilo jina sikulibuni mimi.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Nilieleza kwamba data hapo ni zile za kwenye diski. Hakusikia. Aliizima simu, si data tu, simu nzima, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Bahati nzuri kilobaiti zilikuwa zimeshaingia. Nikaendesha apt, kisakinishi cha Debian, kupitia eatmydata, na pakeji zikaanza kupita kwenye skrini kwa kasi ambayo huwezi kusoma majina.

Hapo mita ya LUKU ikaanza kulia.

Betri ya ile laptop ilikufa zamani, na fsync haikuwekwa kwenye dpkg kwa mapambo. Ubuntu, ndugu yake Debian, ilipohamia mfumo wa faili wa ext4 mwaka 2009, watu walikuwa wakizimikiwa ghafla, wakiwasha wanakuta faili zina majina tu, ndani sifuri. Umeme ukikatika sasa hivi, Mwalimu atapata mtihani wa intigrali zisizo na kitu ndani.

"Mjomba, nunua umeme! Washa simu!"

"Ili ilile bando?"

Tulibishana huku mita inalia. Mwisho akakubali kuiwasha, ila nje, ng'ambo ya barabara, mbali na kompyuta. Nikamwona amesimama chini ya taa ya duka la mwenzake, simu ameikumbatia kifuani, akibofya. Meseji ilipoingia akaanza kunipigia kelele tarakimu 20 za tokeni kuvuka barabara, nami nabonyeza kwenye mita, bodaboda zinapita katikati na kumeza namba. Mara ya kwanza mita ilikataa. Alizisoma tena, safari hii na wapita njia wanamsaidia.

Mita ikakubali. Nikageuka, na TeX Live ilikuwa imemaliza.

Mjomba akaingia, akaitazama skrini, akaitazama mita, akatikisa kichwa. "Unaona? Umeme ulikuwa mdogo."

Asubuhi Mwalimu alichukua karatasi zake, intigrali zimenyooka, akasoma risiti mara mbili.

"Kuchapa naelewa. Data naelewa. Uniti 15 za umeme ni za nini?"

"Mwalimu," akasema Mjomba, "hizo hesabu zako ni nzito."