Kanzu ya Hajji

Mimi si bahili. Nalisema mapema kwa sababu mama watoto ana maoni tofauti, na hapa Busia, upande wa Uganda, amepata wa kumuunga mkono. Mimi napenda hesabu tu. Nina daftari: ukurasa wa kushoto nimeandika AKIBA, wa kulia HASARA, na kwa miezi kadhaa ule wa kulia ulikuwa mweupe pe.

Nilianza na maganda ya matoke. Badala ya kumlipa kijana wa takataka, nikawa nayajaza kwenye gunia, jirani mwenye ng'ombe mmoja na mbuzi wasiohesabika anakuja kulibeba mwenyewe, na Jumapili ananiletea kikombe cha maziwa. Madumu ya mafuta ya kupikia nikayakata, nikapandia sukuma. Mambo yakanyooka. Kisha likaja suala la makaa.

Mei 2023 Rais Museveni alitia saini amri ya kukataza makaa ya biashara kutoka kaskazini. Simlaumu mtu, miti ilikuwa inakwisha. Lakini siku niliyokwenda kununua gunia, muuzaji alinitajia bei nikadhani ananipa namba yake ya simu.

Nikainamisha kichwa kwa uchungu, na hapo chini ndipo nikauona utajiri. Vumbi la makaa! Limejaa mpaka vifundoni, na yeye humlipa mtu alizoe akalitupe. Nikamwomba. Akanitazama kwa huruma, akanipa magunia manne, bure.

Kutengeneza briketi si kazi ya kusomea. Unachekecha vumbi, unapika uji mzito wa unga wa muhogo, unachanganya (mimi nilitia kikombe kimoja cha unga kwa vikombe kumi vya vumbi), unafinyanga matonge ya kujaa kiganja, unaanika juani siku tatu, nne. Tonge likikauka mpaka ndani linawaka polepole, moshi kidogo sana, na maharage yanaiva bila kuongeza kitu kwenye sigiri. Hayo yote ni kweli, na hata baada ya yaliyonikuta sifuti neno.

Ila hakuna aliyenionya kwamba kuku wanapenda muhogo. Matonge ya kwanza niliyaanika chini uani. Nikarudi nikakuta kuku wa ploti nzima wana midomo myeusi kama waliokunywa wino. Mbuzi wa jirani yeye hakudonoa. Alikula matonge thelathini na mawili, nayajua kwa idadi kwa sababu yaliandikwa. Kesho yake jirani akaja kuuliza mbuzi wake anaumwa nini, mbona anatoa vitu kama risasi za bunduki.

Nikahamia juu. Mabati ya bafu yanapata jua tangu asubuhi, kuku hawafiki, mbuzi hawafiki. Nikapanda ngazi, nikapanga matonge mia mbili kwa mistari, nikashuka, nikarudi nyuma hatua tatu nikayatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake.

Sasa, ukingo wa mabati yale umeinamia kamba ya nguo ya Hajati, mke wa mwenye nyumba. Na siku hiyo ya Alhamisi Hajati alikuwa ameanika kanzu ya Hajji, ile nzuri yenye nakshi nyekundu kifuani, ya kuvaa Jumamosi kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ya binti wa kaka yake.

Mvua ya huku hutoka ziwani na haipigi hodi. Saa kumi mimi niko mpakani najaza fomu za mizigo ya watu, simu ikalia. Mama watoto hakunisalimia.

"Baba, rudi nyumbani. Njoo na pesa."

Mabati yana mifereji, na kila mfereji ulikuwa umeshusha fungu lake. Mstari mweusi, mstari mweupe, mstari mweusi, mstari mweupe, umbali sawasawa, tangu mabegani mpaka chini. Fundi asingeweza. Ilikuwa jezi ya Juventus yenye mikono mirefu.

"Mpangaji," Hajati akasema. Miaka mitano ameniita mwanangu.

Nikakimbilia dukani kununua jiki. Nikaloweka, nikasubiri, nikatoa: nakshi nyekundu imekuwa ya waridi, mistari iko palepale. Makaa si rangi, jiki haiyawezi. Yanataka sabuni na kusuguliwa. Nikasugua mpaka vidole vikachubuka, mistari ikawa ya kijivu. Kibaya zaidi, uji wa muhogo ni ule ule wanga ambao wazee walitumia kunyooshea nguo kabla ya kupiga pasi, na kwenye mishono sikuufikia. Asubuhi tulipoianua, kanzu haikukunjika. Mama watoto aliiegemeza ukutani ikasimama yenyewe, mikono mbele, kama inatudai.

Hajji akatoka na mswaki mdomoni. Akaizunguka taratibu. Akachungulia mgongoni.

"Mimi nimepewa namba ngapi?"

Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa mbuzi.

Kanzu mpya ilinigharimu pesa za magunia mawili ya makaa na chenji. Nikafungua ukurasa wa kulia, nikaandika, mama watoto amesimama nyuma yangu ahakikishe sipunguzi sifuri. Matonge sitini hivi yaliyokuwa yamesalimika chini ya kipande cha turubai Hajati aliyachukua kama fidia ya usumbufu. Sikubisha.

Jumapili jioni makaa yetu yakaisha. Mama watoto akanipa shilingi elfu moja nikanunue ya kikopo. Nikapita mlangoni kwa Hajati. Sigiri yake ilikuwa nyekundu kama mkia wa kasuku, hakuna moshi, sufuria ya maharage inachemka kwa starehe.

"Mwanangu," akaniita, "haya madonge yako yanawaka tangu adhuhuri! Wiki hii sinunui makaa. Utafinyanga tena lini?"

Nikamwambia tutaonana kesho, nikaendelea na kikopo changu mkononi.