Rangi za kilti yako usizozichagua

Chukua nyuzi za sufu za rangi nne, kila rangi kwa kiasi sawa, uzifume tartani, kitambaa cha miraba cha Uskoti kinachoshonwa kilti, lile vazi la marinda lifananalo na sketi. Robo tu ya kitambaa ndiyo itakayoonyesha rangi hizo zikiwa safi. Robo tatu zilizobaki ni michanganyiko, na hiyo hakuna aliyeichagua.

Sababu ni ufumaji wenyewe. Mpangilio wa rangi kwenye mtande (nyuzi za urefu) ndio huohuo unaorudiwa kwenye mshindio (nyuzi za upana), na kila uzi hupita juu ya mbili kisha chini ya mbili, mshazari. Kijani ikikutana na kijani inabaki kijani. Ikikutana na nyeusi unapata vistari vya mshazari vya rangi zote mbili, ambavyo jicho huvichanganya ukirudi nyuma hatua chache. Anayeijua shuka ya Kimasai ameshaona jambo hili: nyekundu inapokatana na nyeusi hutokea miraba ya damu ya mzee, na hakuna uzi wa rangi hiyo. Rangi nne huzaa michanganyiko sita, jumla kumi. Rangi sita zinakupa jumla 21. Ndiyo maana naona rangi nne zinatosha, na tatu hazina aibu yoyote.

Tuchukue mfano wa Mtanzania aliyeko Uskoti anayetaka kilti ya rangi za bendera. Atanakili bendera ilivyo: kijani nyuzi 40, njano 4, nyeusi 32, njano 4, bluu 40, kisha mpangilio unageuka na kurudi kinyumenyume hadi kwenye kijani. Mrudio mzima, kabla mpangilio haujaanza upya, ni nyuzi 160, kwa kuwa kijani na bluu za kwenye ncha huhesabiwa mara moja tu. (Mfumaji atazizidisha ili mrudio ufikie ukubwa anaoutaka, uwiano haubadiliki.) Nyeusi ni asilimia 40 ya nyuzi, lakini ukijumlisha kila mahali inapoingia, iwe safi au imechanganyika, inagusa asilimia 64 ya kitambaa. Kijani safi ni asilimia 6 na kidogo, na bluu safi vivyo hivyo. Bendera inayong'aa imekuwa kitambaa cha giza, na njano ikipita juu ya nyeusi inageuka rangi ya zeituni iliyochafuka. Punguza nyeusi iwe 16 na njano iwe 2, na nyeusi itagusa asilimia 46 hivi. Hapo kijani na bluu zinapata pa kupumulia. Kamwe usipeleke hesabu ya nyuzi witiri: shatli, chombo kinachopitisha uzi wa mshindio, huenda na kurudi, kwa hiyo nyuzi huhesabiwa mbilimbili.

Njano na nyeupe zina tabia ya kupiga kelele. Mstari mwembamba wa nyuzi mbili unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na ukiupanua "ili uonekane" unaimeza kilti nzima. Kosa la upande wa pili ni bluu ya usiku pembeni ya nyeusi. Mezani ni rangi mbili, ukumbini ni moja. Kuna jaribio lisilogharimu kitu: panga nyuzi pamoja, zipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikitoa kijivu kilekile, kila moja itapotelea ndani ya nyingine zikitazamwa kwa mbali, hata kama moja ni nyekundu na nyingine kijani.

Viwanda vya kufuma huweka nyuzi zao kwa familia. Rangi "za kisasa" ni nzito na za kina. "Za kale" ni hafifu, bluu yake karibu na ya mbingu na nyekundu ikielekea chungwa. "Zilizopauka" huigiza kitambaa kilichopigwa na mvua na jua, kijani kikiwa hudhurungi na bluu ikiwa kijivu. Kuchanganya familia kunawezekana, ila nyekundu ya kisasa kati ya rangi za kale huonekana kama kiraka. Ukitaka rangi isiyokuwepo ghalani, uzi utiwe rangi kwa ajili yako, na kwa kilti moja gharama hiyo mara nyingi haina maana.

Usiamue kwa kioo cha kompyuta. Omba nyuzi halisi, za unene uleule utakaofumwa, uzitazame mchana nje na usiku chini ya taa. Wengine huzungushia nyuzi kwenye kadi ngumu kwa uwiano wa mistari. Inasaidia, lakini kadi inaonyesha mtande peke yake, na tatizo letu liko kwenye makutano. Kipande cha sampuli kilichofumwa ndicho kinachosema kweli. Kilipie.

Halafu kuna nyuma ya kilti, ambayo wengi huisahau kabisa. Kilti kamili hula yadi 8, kama mita 7.3, na zaidi ya mita 5 huingia kwenye marinda. Kwa kawaida rinda moja hula mrudio mmoja. Mrudio wa sentimita 17 unatoa marinda 30 hivi. Wa sentimita 25 unatoa 20 tu. Fundi anaweza kukunja ili mchoro mzima ujitokeze tena nyuma, au akunje kwa kufuata mstari mmoja, na kila rinda likaonyesha upana wa sentimita 2 hivi za mstari huohuo. Ukichagua njia ya pili na mstari ukawa ule wa njano, utakuwa na mgongo wa njano. Amua kabla hesabu ya nyuzi haijaenda kwa mfumaji.

Daftari la Tartani la Uskoti, lililoanzishwa kwa sheria ya 2008, huandika mfuatano wa rangi na idadi ya nyuzi. Halikufungi kwenye aina moja ya bluu, na kwa hiyo uchaguzi wa aina ni juu yako na kiwanda: andika namba ya kila uzi kwenye oda. Kitambaa cha kizibao, tai na vile vibendera vya soksi (vipande vya kitambaa vinavyoning'inia pembeni mwa soksi) kiagizwe siku hiyohiyo, kwa sababu uzi uliotiwa rangi mwaka ujao hautalingana na huu.