Laki nane za nani? Kikomo cha mkopo wa nyumba Marekani na wanaotaka kisipande

Wiki ya sikukuu ya Thanksgiving, Novemba 2025, kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Columbus, Ohio, lilipata ujumbe kutoka kwa afisa mikopo ambaye ni mwenzetu. Picha za funguo tatu, nyumba mbili, kisha: "Ndugu zangu, kikomo cha mkopo kimepanda mpaka $832,750! 2026 ni mwaka wako." Watu wanne wakajibu "Amina". Wa tano, mama mmoja anayefanya kazi ya ghala zamu ya usiku, akauliza: "Kwa hiyo kaka, serikali inatupa laki nane?"

Hakuna aliyemjibu. Kundi likahamia kwenye mchango wa msiba.

Jibu fupi ni hapana. Namba hiyo haimwambii mnunuzi atapewa kiasi gani, wala haihusu bei ya nyumba. Inawahusu Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika mawili yanayonunua mikopo kutoka kwa benki ili benki zipate fedha za kukopesha tena. Sheria inayaruhusu kununua mkopo usiozidi kiasi fulani, na kila Novemba wakala wa serikali unaoyasimamia, FHFA, unatangaza kiasi cha mwaka unaofuata. Mkopo ukivuka hapo unaitwa jumbo, jina ambalo sikio la Mswahili halipati tabu nalo, na benki iliyoutoa inabaki nao au inajitafutia mnunuzi mwingine. Utakachopewa wewe kinategemea kipato chako, madeni yako na historia yako ya kulipa. Mama wa ghala anaweza kupata laki mbili, au akaambiwa arudi mwakani.

Juu ya namba hii kuna ubishi wa siku nyingi. Madalali, wajenzi, benki na wabunge wa majimbo ya bei kali wanataka iendelee kupanda kadiri bei zinavyopanda, na sisi wahamiaji wengi tumejikuta upande wao bila hata kuulizwa. Wanaotaka isimame ni wachache. Wakisema, wanaambiwa ni watu walioshapata nyumba zao na sasa wanavuta ngazi ili wengine wasipande. Nimewasikiliza kwa muda, na sidhani kama wanatendewa haki.

Lakini nianze na wale wa kwanza, maana hoja yao ina uzito. Chukua mke na mume wa Kent, kusini mwa Seattle: mume anaendesha lori, mke ni nesi hospitalini. Nyumba wanayoitaka ni dola 900,000, na kule hilo si jumba la kifahari. Kwa kuwa kaunti yao ya King ni ya bei kali, kikomo chake kimeshapita dola milioni moja, kwa hiyo wanaweza kuingia na malipo ya awali ya asilimia tano, dola 45,000. Kikomo kikiwa chini, wanasukumwa kwenye jumbo, ambako benki nyingi zitawadai asilimia ishirini, yaani 180,000, na juu yake akiba ya kulipia miezi kadhaa iliyolala benki. Watu wenye wazazi wa kutunza Moshi na karo za wadogo zao Mombasa, laki moja na themanini watazilaza lini?

Kuna jingine ambalo Wamarekani wenyeji hawalioni kwa urahisi. Tangu tarehe 25 Mei 2025, mikopo yenye bima ya FHA, wakala mwingine wa serikali unaokatia bima mikopo ya nyumba, iliyokuwa kimbilio la wenye malipo kidogo ya awali, haitolewi tena kwa watu wenye vibali vya muda vya kuishi na kufanya kazi. Mlango wa Fannie na Freddie haukufungwa siku ile. Na Waislamu wanaokwepa riba wanapoingia mikataba ya ubia ya kampuni ya Guidance Residential, nyuma ya pazia yupo Freddie Mac. Kikomo hiki kinawafikia hata wao. Kwa hiyo siwezi kumcheka aliyesema Amina.

Sasa tuwasikilize wachache wale. Hoja yao naiweka kwenye hesabu moja, ambayo nimeifanya mara nyingi mpaka mke wangu ameniambia nitafute kazi nyingine ya jioni.

Mwaka 2016 kikomo cha msingi, kinachotumika katika kaunti nyingi za nchi, kilikuwa dola 417,000. Mwaka 2026 ni 832,750. Zimebaki dola 1,250 tu kiwe kimejirudufu, katika miaka kumi. Je, mfuko wa mkopaji umejirudufu? Kipato cha kaya ya katikati, ile ambayo nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini, kilikuwa dola 59,000 hivi mwaka 2016. Mwaka 2024 kilikuwa 83,730. Hilo ni ongezeko la asilimia 42. Katika miaka hiyohiyo minane kikomo kilitoka 417,000 mpaka 766,550, asilimia 84. Kikomo kimekimbia mara mbili ya kipato.

Ongeza na riba. Mwaka 2016 mkopo wa miaka thelathini ulikuwa na riba ya wastani ya asilimia 3.65, mwaka 2024 ilikuwa asilimia 6.7 na ushei. Mtu aliyekopa kikomo chote mwaka 2016 alilipa kama dola 1,900 kwa mwezi, kabla ya kodi ya majengo na bima. Wa 2024 alilipa dola 4,950 na zaidi. Kwa kaya ya katikati, malipo yale ya kwanza yangekula dola 39 katika kila mia inayoingia, na haya ya pili yanakula dola 71. Sabini na moja, kodi ya serikali haijakatwa, mtoto hajala.

Najua nitakachoambiwa: kaya ya katikati haikopi kikomo chote, na hakuna benki ingeiruhusu. Ni kweli kabisa, na ndipo hasa wachache wale wanapotaka tufike. Kama kaya ya katikati haiwezi kuligusa dari hili, linainuliwa kwa ajili ya nani? Anayeweka asilimia ishirini na kukopa 832,750 ananunua nyumba ya dola milioni moja na elfu arobaini, tena katika kaunti zinazohesabiwa za bei ya kawaida. Hapa Columbus nyumba ya kawaida haifiki nusu ya hizo. Mashirika haya mawili yako chini ya usimamizi wa serikali tangu Septemba 2008, yalipookolewa, na Hazina ikayamwagia zaidi ya dola bilioni 187. Yamesharudisha zaidi ya hizo kwa njia ya gawio, na ni haki kulisema. Lakini mwaka 2008 hakuna aliyejua kama zingerudi. Aliyebeba wasiwasi alikuwa mlipa kodi, akiwemo mama wa ghala.

Halafu kuna namna kanuni yenyewe ilivyofungwa. Sheria ya 2008 inasema bei za nyumba nchini zikipanda, kikomo kinapanda kwa asilimia hiyohiyo. Zikishuka, hakishuki, kinasimama tu mpaka bei zifidie zilipoanguka. Ndiyo sababu kilikwama kwenye 417,000 tangu 2006 hadi 2016. Ni kama nauli ya daladala na bei ya mafuta: kupanda inapanda, kushuka haijui. Bei zinapanda, kikomo kinapanda, mnunuzi anaweza kukopa zaidi kwa masharti laini, muuzaji naye ana kikokotoo. Watafiti Manuel Adelino, Antoinette Schoar na Felipe Severino waliangalia nyumba ambazo kikomo kilipopandishwa zilikuwa rahisi zaidi kukopewa, wakakuta bei zake zinasogea juu. Athari yenyewe haikuwa kubwa, na sitaki kuikuza. Bei ya nyumba Marekani inapandishwa zaidi na uhaba wa nyumba na sheria za viwanja zinazokataza kujenga ghorofa. Ila upepo mdogo unaovuma upande mmoja kila mwaka unasukuma jahazi.

Kinachonishangaza zaidi ni namna Bunge linavyojipinga. Kwenye kodi ya mapato, mwenye nyumba anaruhusiwa kutoa riba anayolipa kwenye mapato yanayotozwa kodi, mradi hesabu isizidi mkopo wa dola 750,000. Kiwango hicho kiliwekwa na sheria ya 2017, na mwaka 2025 kikafanywa cha kudumu, bila kupandishwa hata senti. Kwa hiyo mkononi kwa mtoza kodi, mkopo unaozidi 750,000 ni wa mwenye uwezo, hahitaji kubebwa. Mkononi kwa Fannie na Freddie, 832,750 ni mkopo wa mtu wa kawaida.

Ukienda kwenye maeneo ya bei kali utaona vichekesho vingine. Huko kikomo kinapandishwa mpaka asilimia 115 ya bei ya katikati ya eneo, kisizidi mara moja na nusu ya kikomo cha msingi, ambayo kwa 2026 ni dola 1,249,125. Sawa. Lakini eneo ni jiji zima na viunga vyake, na inachukuliwa kaunti yenye bei kubwa kuliko zote. Kaunti ya Jefferson, West Virginia, mashamba na milima saa nzima na zaidi kutoka Washington, inahesabiwa kiunga cha Washington, kwa hiyo ina kikomo kilekile cha mji mkuu: zaidi ya milioni 1.2. Ukivuka mpaka ukaingia kaunti ya jirani isiyohesabiwa kiunga, unarudi kwenye kile cha msingi.

Jibu zito kwa wachache hawa ni moja, nami nimekaa nalo sana. Kikomo kikigandishwa, tajiri hataumia. Kwa miaka mingi kabla ya 2022 riba ya jumbo ilikuwa sawa na ya mikopo ya kawaida, wakati mwingine chini yake, kwa sababu benki zinampenda mteja mwenye akiba nene. Atakayeumia ni yule wa Kent: ana mshahara, hana laki moja na themanini. Hilo siwezi kulipangua, na wanaolipuuza hawajawahi kukaa na nesi anayepiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. FHFA yenyewe inaelekea kuliona. Mwaka 2022 ilipoongeza ada kwenye mikopo ya maeneo ya bei kali, iliwasamehe wanunuzi wa mara ya kwanza wenye kipato kisichozidi cha kati cha eneo lao.

Lakini hoja hiyo inathibitisha tu kwamba mtu wa Kent alindwe. Haithibitishi kwamba kila mkopaji wa Marekani apandishiwe dari, hata anayenunua nyumba ya nne ya kupangisha. Kenya ilipoanza na kampuni yake ya kuzipa benki fedha za mikopo ya nyumba, KMRC, iliweka vitu viwili pamoja: kikomo cha mkopo, shilingi milioni 4 kwa Nairobi na jirani zake na milioni 3 kwingineko, na kikomo cha kipato, shilingi 150,000 kwa mwezi. Viwango vya mikopo vilikuja kupandishwa, na mtu anaweza kubishana navyo, lakini wazo la kumtazama mkopaji pamoja na mkopo lilikuwepo tangu mwanzo. Marekani inatazama ukubwa wa mkopo na kaunti, basi. Ningekuwa na kura, ningekigandisha kikomo cha msingi mpaka vipato vikifikie, nikakiacha kiendelee kupanda kwa anayenunua nyumba ya kwanza ya kukaa mwenyewe.

Sina kura hiyo, na FHFA nayo haina. Inafuata hesabu iliyoandikwa kwenye sheria. Wa kuibadilisha ni Bunge, na mbunge wa California au New York hatarudi kwa wapigakura wake kuwaambia amewashushia dari.

Mama wa ghala nilimpigia baadaye. Ana akiba ya dola 14,000, na ameona nyumba ya 260,000 upande wa mashariki wa mji, ina ngazi mbovu lakini paa jipya. Nikamweleza kwamba asilimia tatu ya malipo ya awali ni 7,800, zinazobaki zitamsaidia kwenye gharama za kufunga mkataba, na kikomo kipya hakimhusu; kile cha 2016 kingemtosha na chenji ikabaki. Akanyamaza kidogo, akauliza kama yule kaka wa mikopo anapokea watu wa laki mbili na nusu. Nikamwambia amuulize palepale kwenye kundi, mbele ya wale wanne.