Mpelekeni Marikiti kwanza

Mpwa wangu anaondoka Jumapili kwenda Nairobi kuanza chuo kikuu. Hajawahi kulala mji mkubwa kuliko Malindi. Nyumbani kwa dada yangu, hapa mtaa wa Langoni, Lamu, kila anayekuja kumuaga ana wasia, na wasia wa karibu wote ni mmoja: usile ovyo, usikanyage sokoni, wezi watakumaliza. Ukitaka kununua, ingia supamaketi. Ukitaka kula, ingia kwenye yale majumba ya maduka yenye askari mlangoni. Wanasema kwa mapenzi, najua. Lakini nimewasikiliza wiki nzima na naona wanamkosesha kijana jambo kubwa, basi na mimi niseme langu.

Wasia huo niliufuata mwenyewe. Mara ya kwanza kufika Nairobi niliingia hoteli moja ya vioo nikaagiza samaki, kwa sababu samaki ndicho chakula ninachokijua kwa jicho na kwa pua. Nililetewa samaki aliyelala kwenye barafu mpaka ladha ikamtoka. Ukimgusa kwa kidole, nyama inabonyea na hairudi. Pesa niliyolipa ingetosha chakula cha mchana cha nyumba yetu nzima kwa siku mbili. Nikaendelea hivyo hivyo, chipsi leo, kuku kesho, na pesa za mwezi zikaisha tarehe kumi na tano. Kilichoniuma zaidi si pesa. Wiki mbili nilikuwa katika mji ule na sijui fungu la nyanya ni bei gani, sijui wenyeji wanakula nini adhuhuri, wala hakuna muuzaji hata mmoja anayeijua sura yangu.

Aliyenitoa huko ni mwenzangu wa kazi. Alinigongea mlango alfajiri, akanipeleka Soko la Wakulima, lile la barabara ya Haile Selassie ambalo watu wote huliita Marikiti, kabla jua halijatoka.

Mtu wa Lamu akiingia pale, huona ana ujuzi ambao hakujua anao. Sisi tumelelewa vichochoroni. Punda akija na mzigo wa mchanga, unajibanza ukutani bila hata kukatiza maneno yako. Marikiti hakuna punda, kuna mkokoteni uliojaa viazi au kabichi, na anayeuvuta hawezi kusimama ghafla hata akitaka. Ukisikia mluzi au "pisha!", pisha kwanza, utazame baadaye. Chini kuna matope na majani ya mboga, kwa hiyo kandambili acha nyumbani.

Na wezi? Wapo, siwezi kudanganya. Marikiti, Muthurwa, Gikomba, masoko yote hayo lazima mtu ajichunge. Nenda na mwenyeji mara mbili tatu za mwanzo, nenda mapema, weka simu mfuko wa mbele na usiitoe katikati ya watu, beba noti ndogo ndogo. Hayo yanafundishika kwa asubuhi moja. Kumwambia kijana asiende kabisa ni kumfunga.

Kuna mama mmoja nilimtazama siku ile mpaka mwenzangu akanivuta mkono. Anauza sukuma wiki. Anakunja majani kama anavyokunja mtu mkeka, anayabana kwa mkono wa kushoto, na kisu kinapita mbele ya kidole gumba haraka hata hukioni, majani yanaanguka membamba kama nyuzi. Hakuwa anatazama kisu. Alikuwa ananitazama mimi na kuniuliza, "Nikukatie, kastoma?" Kwetu mchicha unauziwa na mizizi yake, ukakatie nyumbani. Kule wanakukatia, kwa bei ile ile, ukifika chumbani ni kitunguu na sufuria tu. Mwanafunzi mwenye jiko moja la gesi anahitaji kujua kuwa watu kama mama huyu wapo. Hayo hatayapata kwenye rafu ya supamaketi.

Ajifunze vipimo pia. Maharagwe na mahindi makavu hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa kiasi cha kilo mbili. Jambo jingine ambalo sisi wa pwani hatulijui mpaka litusumbue: Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na maji huko huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Maharagwe yanachelewa kuiva, gesi inakwisha, mgeni anadhani ameuziwa mabovu. Wenyeji dawa yao wanayo. Jioni mitaani kuna kina mama wanaouza maharagwe na githeri (mahindi na maharagwe pamoja) zilizokwisha kuchemshwa, wanakupimia kwa kikombe. Nunua hayo, ukaange mwenyewe kwa nyanya, na ukipata nazi utie tui.

Chakula cha kupikwa, aende vibandani. Alama ninayoiamini ni moja, foleni ya wafanyakazi saa saba mchana. Fundi wa ujenzi hali chakula kilicholala, maana jioni anatakiwa apande tena juu. Sahani ya chapati na maharagwe, chapo madondo wanavyoiita, inatoka jikoni ikifuka moshi, na katika baridi ya Julai ya Nairobi hakuna kitu kitamu kama hicho. Wali wao ni mkavu, hauna nazi. Asiulinganishe na wa mamake.

Kwa sisi Waislamu kuna tahadhari ambazo hao wanaoaga hawazitaji, na ndizo za lazima. Mutura, ile inayochomwa kando ya njia jioni na kunukia vizuri, ni utumbo uliojazwa nyama na damu. Harufu isimdanganye. Soseji na smoki aulize ni za nyama gani. Akiwa na shaka, maharagwe, mayai na mboga vinatosha kumshibisha. Siku akitaka nyama kwa moyo mtulivu, apande matatu mpaka Islii, kwa Wasomali, apate wali wenye viungo na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Ndizi ile huliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Mara ya kwanza nilidhani ni ya baadaye nikaiweka kando. Mzee niliyekaa naye meza moja akaimenya mwenyewe, akaikata juu ya sahani yangu, bila neno. Mpaka leo sili wali wa Kisomali bila ndizi.

Samaki asiwatafute mwezi wa kwanza. Watampa huzuni. Baadaye, moyo ukishatulia, aende Gikomba akaangalie samaki wa ziwani, ngege na sangara na milima ya omena, na awale jinsi watu wa ziwa wanavyowapika, asiwapime kwa changu wetu.

Arudi kwa muuzaji yule yule. Hilo nimemsisitizia kuliko yote. Sokoni kwetu hapa pembeni ya Ngome, bei imefungamana na salamu, habari za nyumbani, habari za wazee. Nairobi salamu ni fupi, lakini ipo, na anayeitoa kwa utulivu wa Kiamu hukumbukwa. Mara ya tatu utatiliwa nyongeza, kitunguu kimoja, dania kidogo. Mwezi wa pili ukikosa pesa utaambiwa, chukua, utaleta. Sijaona supamaketi inayofanya hivyo.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo kikapu ni cha lazima, na hapo tumewashinda. Dada amemsukia cha ukili, kipana, chenye mishikio mirefu ya kutia begani. Jana usiku nilimkuta anakipakia: mikate ya mofa, halua, chupa ya achari, na kilo tano za mchele. Nikamwambia dada, mchele toa, huko upo. Alininyamazia kitambo. Kisha akautoa, akaurudisha kabatini, akatia leso mpya ya kufunikia, na kikapu kikabaki na nafasi nusu.