Akidi Ikatenguka

Kabla yangu, kumbukumbu za vikao vya afisi yetu alikuwa akiziandika mzee mmoja wa masjala ambaye sasa amestaafu, na daftari lake nimelirithi mie. Lina vikao vya miaka na miaka, lakini ukikaa nalo kitako unalimaliza kabla chai haijapoa. Kila ukurasa yale yale: "Kikao kilifunguliwa kwa dua. Yalizungumzwa mengi. Wajumbe walikubaliana. Kikao kilifungwa kwa dua." Walikubaliana nini, Mungu ndiye ajuaye. Nani atekeleze, mwisho lini, hakuna. Ukurasa mmoja tu ndio wenye nyongeza, na nyongeza yenyewe ni hii: "Mkate wa kumimina wa leo ulikuwa mzuri."

Mzee alipoagwa, Mkuu wetu akanitazama mie, karani mdogo kuliko wote, akasema mwandiko wangu unasomeka. Kwa sifa hiyo moja nikawa katibu wa vikao, na nikapelekwa mafunzoni hapa hapa Chake Chake.

Mkufunzi alikuwa mama mmoja wa miwani kutoka Unguja, asiyecheka hata kwa bahati mbaya. Alitwambia taarifa ya kikao iwafikie wajumbe mapema pamoja na ajenda zake, si mtu anaijua ajenda akiwa ameshakaa kitini. Akasema tusiandike kila linalotamkwa, tuandike lililoamuliwa, nani wa kulifanya, na mwisho wake lini. Tusiandike "Fulani alijibu kwa hasira", maana hasira si uamuzi. Rasimu iwe tayari kichwa kingali cha moto, isambazwe, na kikao kinachofuata iletwe, irekebishwe, ithibitishwe, itiwe saini. Kisha akavua miwani, nikajua hapa ndipo penye jambo.

"Akidi," akasema, "yaani ile idadi ya wajumbe ambayo ikipungua kikao hakiwezi kuamua kitu, ni mfano wa udhu. Unaingia nao, lakini unaweza kutenguka katikati ya sala, na sala yote ikawa bure. Mtu akitoka, andika saa. Akirudi, andika saa."

Mengine nayakumbuka nusunusu. Hili la udhu liliniingia mpaka kwenye mifupa.

Sasa, asiyeishi Pemba huenda asielewe yaliyofuata, kwa hivyo nieleze kidogo. Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kisiwani kwetu, na msimu ukifika mwalimu, daktari, dereva, kila mtu ana mikarafuu yake, au ya babu yake, au kaikodi. Karafuu ikishachumwa huchambuliwa ikatolewa makonyo, yaani vile vikonyo vyake (nayo hayatupwi, yana kiwanda chake pale Wawi cha kukamulia mafuta), halafu huanikwa juu ya majamvi siku nne tano za jua zuri. Ikinyeshewa inaharibika rangi, inafanya ukungu, na daraja linashuka. Mtu kakesha akichambua kwa tamaa ya daraja la kwanza, anarudi nyumbani na pesa za daraja la tatu.

Na uani mwa afisi yetu pana uwanja mpana unaopigwa na jua tangu asubuhi. Kwa hivyo msimu ukiingia, wajumbe huja kazini na mikoba mkono mmoja, majamvi mkono wa pili. Kama jambo hilo linaruhusiwa ama halikuruhusiwa, nimetafuta kwenye daftari la yule mzee. Limo katika yale "mengi yaliyozungumzwa".

Kikao chenyewe kilikuwa Novemba, mvua za vuli zinakuja na kuondoka bila ya kubisha hodi. Wajumbe wetu kwa orodha ni 11, na akidi ni 6. Waliohudhuria walikuwa 9. Mmoja alitoa udhuru wa harusi Micheweni. Mmoja nikamwandika "hakuhudhuria bila ya udhuru", na huku namwona kwa dirishani anageuza karafuu zake.

Ajenda ya kwanza mpaka ya tatu zilikwenda vizuri. Ya nne iliitwa "Kupunguza gharama za vikao", yaani, tusifichane, sambusa. Mkuu wetu kahamishiwa kwetu kutoka Unguja, hana hata mche mmoja wa mkarafuu, na sambusa za kikao zinamuuma kila anapotia saini hati ya malipo. Ajenda hii alishaileta zaidi ya mara moja ikamfia mikononi, kwa sababu wajumbe huijadili huku wanazila.

Bi Mhasibu alikuwa anasoma mahesabu. Kafika "shilingi laki tatu na…" tone la kwanza likapiga bati.

Hakuna aliyeomba ruhusa. Ile "na" ya Bi Mhasibu ilibaki hewani peke yake, mwenyewe keshafika ukumbini, baibui kalikusanya mkononi. Dereva alipita dirishani, na mlango uko wazi. Afisa Mipango, ambaye kwa goti lake bovu tulihamishia chumba cha mikutano chini asipande ngazi, nilimwona anaruka beseni la maua. Kufumba na kufumbua, viti saba vitupu.

Tukabaki watatu. Mkuu, mie, na Mzee wa Stoo ambaye alikuwa kafumba macho tangu ajenda ya pili. Mzee naye ana jamvi lake uani, tena kubwa, ila mvua hakuisikia.

Mkuu akatazama dirishani. Akatazama viti. Akanitazama mie.

"Katibu, tuendelee. Muda hautusubiri."

"Mkuu, wajumbe…"

"Wametoka kwa khiari zao. Ajenda ya nne, kuna anayepinga?"

Mzee wa Stoo akainamisha kichwa, akakiinua, akakiinamisha tena, kama ilivyo desturi ya kichwa kisichokuwa na mwenyewe.

"Umeona? Mzee kaunga mkono. Imepita."

Katibu kwetu si mjumbe, hana kura wala sauti. Ana kalamu. Nikaandika:

"Saa 4:18 mvua ilianza kunyesha. Wajumbe saba walitoka mbio kuokoa karafuu. Waliobaki: Mwenyekiti na Mzee wa Stoo (amelala). Saa 4:24 Mwenyekiti alitazama dirishani, akapitisha ajenda ya nne kwa haraka. Sambusa zimefutwa kuanzia kikao kijacho."

Saa 4:40 wakarudi watatu, wamerowa chapachapa, wananukia kuliko duka la viungo. Hakuna aliyeuliza ajenda ya nne imekwenda wapi, kwa sababu roho zao zote zilikuwa kwenye ya tano: ruhusa ya kutoka kazini saa 8 mchana badala ya saa 9:30, kwa zamu, mpaka msimu umalizike. Dereva alisema "naafiki" huku maji yanamchuruzika juu ya faili langu. Mkuu, aliyekuwa na furaha zake za siri, hakutia neno. Saa 4:52 ikapita. Bi Mhasibu akarudi saa 4:58 na waliosalia, jani la mkarafuu limemnasa kwenye ushungi, akakaa, akamalizia: "…na elfu sitini." Nikaandika saa zote.

Rasimu niliisambaza kesho yake, nakala kwa kila mjumbe, kama tulivyofundishwa. Na hapa nitasema wazi: hakuna aliyeisoma. Nakala ya Dereva niliiona imekunjwa imezibia kioo cha gari kisichopanda. Ya Bi Mhasibu ilikuwa imefungia karanga. Ya Mkuu ilikuwa mezani kwake chini ya gilasi ya maji, ina duara la gilasi juu ya neno "amelala".

Kikao kilichofuata wakaja 10. Mhudumu akaingia na chupa ya chai na vikombe, akatoka, akafunga mlango. Watu wakaimimina, wakakoroga, wakawa wanaangalia mlango.

"Na vyengine?" akauliza Afisa Mipango.

"Vimefutwa," Mkuu akasema, akafungua faili lake taratibu. "Ajenda ya nne, kikao kilichopita. Mlikubali wenyewe."

Nimewahi kuhudhuria matanga yenye kelele ndogo kuliko zile. Mkuu akanyanyua mkono, akasema tusipoteze muda, kumbukumbu zichukuliwe kuwa zimesomwa, tuzithibitishe tuendelee.

"Hasha," akasema Bi Mhasibu. "Zisomwe. Mwanangu, soma, na usimung'unye."

Nikasoma. Niliyaandika mwenyewe, lakini kuyatamka mbele ya wenyewe ni jambo jengine. Nilipofika kwenye mabano ya "amelala" sauti ilinipanda yenyewe bila ya kuiamuru.

Nilidhani watarukia sambusa. Wapi! Wa mwanzo kunyoosha mkono alikuwa Afisa Mipango, na pingamizi yake ilikuwa neno "mbio". Yeye ana goti, daktari kamkataza kukimbia, barua ya daktari imo kwenye faili lake, leo taarifa rasmi ya afisi inasema kakimbia? Likafutwa kwa upande wake, likasomeka "alitoka kwa mwendo wa kuridhisha". Dereva yeye akadai kinyume: iandikwe kuwa ndiye aliyetoka wa kwanza. Bwana wa Takwimu akakataa, akasema wa kwanza ni yeye, Dereva kapita dirishani na dirisha si njia. Hilo la nani wa kwanza lilichukua muda mrefu kuliko ajenda tatu za kikao cha kabla yake zikiwekwa pamoja.

"Nyamazeni!" Bi Mhasibu akagonga meza. "Katibu, akidi yetu ngapi?"

"Sita."

"Saa 4:24 humu ndani mlikuwa wangapi?"

"Wawili. Na mie, lakini mie sihesabiwi."

Hapo yule mama wa miwani akanijia kichwani mzima mzima, na kabla sijajizuia nikasema: "Udhu umetenguka."

"Wa nani?" akauliza mjumbe mmoja, na mwenzake aliyekaa naye ubavuni akasogeza kiti.

Ikabidi nifafanue. Nilipomaliza, Bi Mhasibu alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu bajeti. Ajenda ya nne imeanguka, akasema, mhudumu aitwe.

Lakini Mkuu naye si wa jana. Aliichukua nakala yake yenye duara la maji, akaisoma kwa kidole, kisha kidole kikasimama.

"Saa 4:40 walirudi watatu. Pamoja na sisi wawili ni watano. Katibu, ajenda ya tano ilipita saa ngapi?"

"Saa 4:52, Mkuu."

"Wa sita aliingia?"

"Saa 4:58."

"Ahaa. Basi na ruhusa yenu ya saa 8 nayo haina udhu."

Chumba kizima kikanigeukia mie. Bi Mhasibu akaniuliza kwa upole wa kutisha, hii saa yangu nimeinunua wapi.

Njia ya kuiokoa ile ajenda ya tano wakaiona kwa Mzee wa Stoo. Namna walivyoitengeneza mpaka leo sijaifahamu sawasawa, lakini walitaka kwanza ijulikane: mzee alikuwa macho au alilala? Mzee akasema, kwa heshima zake zote, kuwa hakulala. Alifumba macho akitafakari.

"Ulikuwa macho?" Bi Mhasibu akamgeukia. "Basi ndiwe uliyetikisa kichwa sambusa zikafutwa?"

Mzee akameza mate.

"Na kama ulikuwa macho," akaendelea, "Mpemba gani anayekaa kitini anasikia mvua na karafuu zake jamvi zima zinarowa uani?"

Maskini mzee. Upande huu, akiwa macho, kawauza wenzake kwa kichwa na kaacha mali yake iharibike. Upande huu, akiwa kalala, ni barua ya onyo. Alitazama dari, akatazama chai kavu mbele yake.

"Nililala," akasema. "Na iandikwe kuwa nilikoroma."

Iliandikwa.

Zikabaki ajenda mbili zimekufa na watu wamechoka. Mkuu ndiye aliyelegea mwanzo, maana alikuwa kashafika kwenye ile sentensi yake. Akaniita pembeni, kwa sauti ya kila mtu kusikia. Hizi kumbukumbu zinakwenda makao makuu Unguja. Hii "alitazama dirishani, akapitisha kwa haraka" haiwezi kuondoka?

Nikamwambia "kwa haraka" ni rai yangu, mkufunzi alitukataza rai, naifuta sasa hivi. Lakini kutazama dirishani si rai. Alitazama.

"Wajumbe wakikubali hufutwa," akasema Bi Mhasibu, ambaye hakuhudhuria mafunzo yoyote. "Wajumbe wanataka nini?"

Wajumbe walitaka ajenda ya nne isirudi tena mwaka ule, ya tano ijadiliwe upya pale pale, na kwa sentensi yenyewe, haluwa ya Wete. Mlango ukafungwa kwa ufunguo, ufunguo nikapewa mie, nikawahesabu vichwa: 10. Nikawahesabu tena. Dirisha la Dereva nikalitia komeo. Ajenda ya tano ikapita kwa kauli moja, na wingu la mvua lilipotokea upande wa Wawi, nikaona watu wanalitazama wanatetemeka kwa uchungu na hakuna aliyenyanyuka.

Kisha nikaandika yatokanayo. Haluwa, kilo mbili. Mhusika: Mwenyekiti. Mwisho: kikao kijacho. Mkuu akatia saini, nikatia saini, na Mzee wa Stoo akaomba iandikwe kwamba haluwa ilipopitishwa yeye alikuwa macho.